Funguo Zilizoachwa Base

Mbotela, Nairobi
3 Februari 2025

Mjukuu wangu mpendwa Willis,

Nakusalimu kwa upole, nikitumaini ya kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima. Na kama u mgonjwa, basi ikukute na mtu karibu wa kukupa maji. Mimi nashukuru, sina neno, isipokuwa lile goti la kushoto ambalo tabia yake unaijua. Mama yako Clare alikuja Jumapili kutoka Tassia akiwa na kikapu cha mboga. Aliketi kwenye kiti cha marehemu nyanya yako, Guku, akalia kidogo, kisha akapika.

Niwie radhi kwa kutokuja kukuona. Nimefika kwenye lango la rumande mara mbili, na mara zote mbili nimekuta tangazo kwamba wageni hawaruhusiwi mpaka ugonjwa wa kuhara uliozuka huko ndani ukomeshwe. Askari mmoja kijana aliniambia kwa heshima kwamba barua zinapokelewa, ila husomwa kwanza, na ni sharti ziwe za lugha inayoeleweka. Kwa hiyo nakuomba uandike jinsi nilivyokufundisha, si jinsi wewe na wenzako mnavyozungumza pale ukutani mnapoketi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku walipokuchukua nilikuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Mama Mbithe, yule mwuza chapati, ndiye aliyenieleza kwamba polisi walipotokea kwenye ukuta wa bafu za zamani wenzako walikimbia, nawe ukabaki umeketi na mfuko miguuni. Nilikwenda kituoni. Afisa aliyekukamata aliufungua ule mfuko mbele yangu, nikaona simu kadhaa na funguo nyingi za kufuli, kila moja na alama yake. Akaniambia, “Mzee, pole sana, lakini huyu kijana wako ni mtu wa base.” Alilitamka neno hilo kama daktari anavyotamka ugonjwa usiopona.

Mimi nilifundishwa Kiingereza na wamisionari, na kwao base ilikuwa upande wa chini wa pembetatu. Nilipoajiriwa Reli kama karani, base ilikuwa depo ambako dereva wa treni alirejea kulala. Niliporudi nyumbani nilifungua kamusi nikalitafuta neno hilo, nikakuta maana nyingi, lakini hakuna hata moja ambayo mtu angeweza kufungwa kwayo.

Shtaka wameliandika kuwa umepatikana na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi. Dhamana waliyoitaja hatuiwezi, nami naomba radhi kwa hilo pia. Kesi itatajwa tena tarehe 13 Machi. Nakuomba unieleze bila kunificha: hiyo base ni nini, na vitu vile ni vya nani? Nikijua, nitajua pa kuanzia. Nisipojua, nitabaki kuzunguka na kofia mkononi.

Mungu akufunike usiku na mchana.

Mimi babu yako, ambaye wewe humwita Guga,
Laban Mudaki


Rumande, Nairobi
14 Februari 2025

Kwa Guga,

Shikamoo Guga. Natumaini goti limetulia na kwamba unakumbuka kuchemsha maji ya kunywa, maana hata huko nje huo ugonjwa haubishi hodi. Mimi niko sawa. Tumbo halijanishika. Tunalala tumebanana hivi kwamba mmoja akigeuka, safu nzima inageuka.

Barua hii ni ya pili. Ya kwanza afande anayesoma barua aliirudisha. Aliniambia, “Kijana, mimi ni askari, si mfasiri. Andikia mzee kama mzee.” Watu wakacheka. Kwa hiyo kama kuna neno limenitoroka humu, usinitoe alama.

Umeuliza base ni nini. Guga, hapo umenikamata, kwa sababu hatujawahi kuambiana. Ni pale tunapokaa, kwenye ule ukuta, tangu tukiwa wadogo. Lakini mtu akikupigia simu umwambie “niko base,” anaweza kuelewa uko nyumbani kwako. Ile kazi yetu ya kubeba takataka na kuosha magari, kikundi chenyewe tunakiita base. Kuna vijana wa mitaa mingine ambao base yao ni mahali pa kuvutia bangi, na kuna wengine ambao base yao ni mahali pa kupangia mabaya, siwezi kukudanganya. Polisi wanajua hiyo ya mwisho tu. Wakisikia neno wanapanda gari.

Sasa vile vitu. Wewe hujawahi kuacha ufunguo base, ndiyo maana hujui. Watu wengi wa laini yetu, hii safu yetu ya nyumba, huacha. Caleb mlinzi akienda kazini jioni, mke wake hajarudi kutoka soko la Gikomba, kwa hiyo anatuachia ufunguo. Mama Mbithe anatuachia wake ili watoto waukute wakitoka shule. Waruguru wa saluni pia. Na umeme ukipotea kwa laini, tunachukua simu za watu tukazichajishe pale kwa kinyozi wa laini ya pili. Siku hiyo umeme ulikuwa umepotea. Zamu ilikuwa yangu.

Mama Mbithe amekwambia sikukimbia. Ningekimbia vipi, Guga? Ningekimbia na mfuko, ningekuwa nimewaibia watu vitu vyao. Ningeuacha, polisi wangeuchukua na kusema hauna mwenyewe. Nilidhani nikikaa na kueleza wataelewa. Nilipoanza kueleza, neno la kwanza kunitoka lilikuwa base.

Waombe wenyewe waje waseme vitu ni vyao. Ni hilo tu.

Msalimie Mama. Mwambie nakula.

Mjukuu wako,
Willis


Mbotela
24 Februari 2025

Mjukuu wangu Willis,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na nguvu. Barua yako imenichukua siku kadhaa kuipata, lakini nilipoipata niliisoma nimesimama pale pale posta. Imeandikwa vizuri. Sikupata mahali pa kukutoa alama, na nimefarijika, kwa maana sasa najua kwamba ulichokuwa nacho mfukoni ni imani ya watu.

Naomba radhi, walakini, kwa kuwa habari nilizo nazo si nzuri.

Nilianza na Mama Mbithe. Nilimwamkia, nikanunua chapati mbili, nikasubiri wateja wapungue, ndipo nikamwomba twende naye kituoni akaseme simu ile ya buluu niliyoiona kwenye mfuko ni yake. Aliendelea kusukuma unga asinitazame. Kisha akasema, “Mzee, ile simu nilinunua Gikomba, mkono kwa mkono. Wakiniuliza risiti nitatoa wapi? Nikienda kudai simu, nitarudi bila simu na bila mimi.” Nikachukua chapati zangu nikaenda, kwa maana hata simu yangu hii haina risiti.

Caleb alinikaribisha, akanipa kiti, akakubali kila nililosema, kisha akaniambia kwamba mwajiri wake akisikia mlinzi wake ameonekana kituoni, kazi itakuwa imekwisha kabla hajavua sare. Bi. Waruguru hakunipa kiti. Alikuwa akimsuka mteja, akasema hajui base yoyote, yeye ni mtu wa saluni, na ya kwamba wazee siku hizi wanapenda mambo ya vijana. Mteja alicheka. Nilimshukuru, nikatoka.

Nikaona kwamba kugonga milango hakutanisaidia, kwa kuwa mtu akiwa mlangoni pake huwa na mahali pa kufungia. Basi nimeamua kuketi pale ukutani. Usishtuke. Tangu uchukuliwe, wenzako wametawanyika, na ule ubao mliokuwa mkiukalia ulikuwa mtupu. Nikapeleka mto mdogo wa kiti kwa ajili ya goti langu, nami hukaa pale kuanzia baada ya chakula cha mchana hadi jua linapoanza kushuka. Nilidhani kwamba wanaorejea kutoka kazini watapita, nami nitazungumza nao mmoja mmoja, bila haraka.

Vijana wawili wa kikundi chenu walinipitia juzi. Mmoja akasema, “Niaje Guga, leo uko base?” Nikamjibu kwamba sijambo na kwamba naam, niko. Walicheka sana, lakini waliketi. Nikawauliza maana ya neno hilo, nao wakaanza kubishana. Mmoja alisema base ni familia usiyozaliwa nayo. Mwenzake akamwambia aache uongo, base ni mahali ambapo mama yako akikutafuta anaanzia hapo. Msichana mmoja aliyekuwa akichota maji akasema kwa upande wake base ni wanaume wazima kuketi kutwa bila kuoga. Sikuweza kuamua ni nani aliye na haki.

Jambo moja zaidi. Mama yako anaona afadhali ukiri, adhabu iwe ndogo, urudi nyumbani. Simlaumu, yeye ni mama. Lakini mimi nakusihi usikiri. Ukikiri utatoka rumande, ila hutatoka katika lile jina. Wewe wajua mtaa wetu humfanyia nini mtu aliyekwisha kutajwa kuwa mwizi, siku kitu cha jirani kinapopotea. Hawamwulizi mara ya pili.

Nipe muda. Nitakuletea angalau mtu mmoja.

Babu yako,
Guga


Rumande
3 Machi 2025

Kwa Guga,

Shikamoo. Barua yako imefika. Sijui nitaanzaje, kwa hiyo nitaandika tu.

Kwanza toka hapo base. Tafadhali Guga. Pale pamechomeka, polisi wanapajua, na hao hawaangalii mvi. Wakikukuta hapo watakubeba, na mimi nitakuwa nimewafunga watu wawili.

Pili, humu ndani si kuzuri. Aliyekuwa akilala upande wangu wa kulia alibebwa kwa blanketi Jumamosi. Alikuwa mtu wa mzaha, alikuwa akiniita Mwalimu kwa sababu ya kuandika barua. Hajarudi, na nafasi yake imeshachukuliwa. Juzi tumbo langu limeanza. Usimwambie Mama.

Kuna mzee mmoja humu ambaye ameingia na kutoka mara nyingi, anajua mahakama kuliko wakili. Ameniambia kesi kama yangu bila mashahidi inaweza kuzunguka mwaka mzima, mimi niko humu. Lakini nikisema “ni kweli,” hakimu ataona ni kosa la kwanza, atanipa kifungo cha nje nifagie barabara, na wiki hiyo hiyo niko nyumbani. Hata afande amesema hivyo hivyo. Amesema maneno mawili tu, ni kweli, halafu unanyamaza.

Najua ulichosema kuhusu jina. Nimekifikiria kila usiku. Lakini Guga, nikifia humu nitakuwa na jina safi la kuandikwa wapi?

Watu wamekataa. Siwalaumu. Mama Mbithe ana watoto, Caleb ana kazi. Mimi mwenyewe sijui kama ningekwenda.

Siku ya 13 hawatatupeleka kortini kwa sababu ya karantini. Tutasimama mbele ya kamera humu humu na hakimu atatuona kwa kioo cha runinga. Nitasema ni kweli. Nimekuandikia ili usishtuke ukisikia. Unisamehe.

Mjukuu wako,
Willis


Mbotela
8 Machi 2025

Willis mwanangu, mjukuu wangu,

Leo nitafupisha salamu, na ninaomba radhi kwa utovu huo wa adabu. Barua yako nimeipata asubuhi hii. Nimekwenda langoni nikamwomba askari niingie walau kwa dakika chache. Amekataa kwa masikitiko. Nimemwuliza barua huchukua muda gani hadi kumfikia mtu, akasema inategemea. Nimemwomba aitie hii mkononi mwako kabla ya Alhamisi, siku ya kesi, naye amesema atajaribu. Kwa hiyo naandika kwa haraka, na mwandiko wangu uuvumilie.

Usiseme ni kweli.

Sikia lililotokea jana. Nilikuwa nimeketi pale ukutani kama kawaida yangu, nimevaa koti na tai, kwa kuwa nilitoka kumzika mzee mwenzetu wa Shauri Moyo. Nikueleze kwanza ya kwamba kwa muda wa juma zima jambo la ajabu lilikuwa likitendeka. Watu waliokataa kuja kituoni walikuwa wameanza kunipa funguo. Hakuna aliyeniomba wala niliyemwomba. Caleb alipita akielekea kazini, akasimama, akanitazama, akatoa ufunguo. “Guga, mama watoto akifika mpatie.” Akaenda zake. Kesho yake Mama Mbithe akamtuma binti yake. Kisha jirani wa nyumba ya mwisho. Nadhani ni mazoea. Mtu akiona kuna mwenye kuketi pale, mkono wake huenda mfukoni wenyewe. Hata wenzako wa kikundi wakaanza kurejea wakasimama karibu, kwa mbali kidogo.

Basi jana mchana lile gari likaja. Vijana wakatoweka. Mimi na goti hili sikuweza hata kama ningetaka. Alikuwa ni afisa yule yule. Akanitazama, akasema, “Mzee, hata wewe?” Nikamwambia, “Afande, niwie radhi, nimeketi tu.” Akataka kujua nina nini mfukoni. Nikazitoa zile funguo nikaziweka juu ya kile kimto. Akauliza ni za nani. Nikajibu ni za majirani, ila sitayataja majina yao kabla hawajaniruhusu. Akasema, “Vizuri. Utayataja huko kituoni.”

Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti. Sitakuficha, Willis, niliwaza ni nani atakayemwarifu mama yako.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. “Huo wenye uzi wa kijani ni wangu.” Alikuwa Mama Mbithe, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Afisa akamwuliza ana ushahidi gani. Mama Mbithe aliuchukua ule ufunguo, akatembea mpaka mlangoni pake polisi wakimfuata, akaufungua ule mlango, akaufunga tena, akarudi. Kisha akauweka ufunguo juu ya kiganja changu na kusema, “Nishikie tu mzee, bado niko kazini.”

Kisha mlango wa Caleb ukafunguka kutoka ndani, kwa maana hulala mchana, na ufunguo wa mkewe alikuwa amekwisha kuniachia; akatoka na fulana, macho mekundu, akasema, “Huo mrefu ni wa huku.” Jirani wa nyumba ya mwisho naye akaja. Mwingine akaja. Kila mmoja alifungua kwake, akafunga, akanirudishia. Afisa alisimama akitazama mpaka wa mwisho. Alivua kofia akajikuna kichwa, akaniambia, “Mzee, hii si base.” Nikamwambia, “Afande, niwie radhi, ndiyo yenyewe.” Wakaondoka bila mimi.

Jioni wote walikuja nyumbani kwetu, hata viti havikutosha. Nikawaambia kwamba ulizokamatwa nazo wewe ni funguo kama hizi hizi, na ya kwamba simu inahitaji risiti lakini ufunguo hauhitaji. Caleb akasema shida ni kwamba mahakama haiwezi kuja Mbotela kujaribu milango. Mama Mbithe akamwambia, “Mlango hatuwezi kuubeba. Kufuli je?”

Ndivyo tulivyokubaliana. Kufuli hizi huuzwa na funguo tatu, nao majirani wamekuwa wakitumia zilizobaki tangu ukamatwe. Alhamisi asubuhi kila mtu atang'oa kufuli mlangoni pake aje nayo kortini. Nyumba zitashinda wazi, nao vijana wa kikundi chenu wamesema watakaa kwenye laini mpaka turudi. Watu wamekubali, Willis. Wanajua Mbotela ni Mbotela, na bado wamekubali. Bi. Waruguru peke yake ndiye aliyefunga mlango tulipopita.

Nakusihi, kwa jina la marehemu Guku yako aliyekulea. Alhamisi watakusomea shtaka. Usiseme yale maneno mawili. Wewe nyamaza tu kama huna la kusema, na sisi tutakuwapo.

Babu yako akupendaye,
Guga


Rumande
13 Machi 2025, jioni

Kwa Guga,

Shikamoo Guga. Najua umechoka leo, na hilo goti limepanda ngazi za korti. Natumaini umeshakula na kwamba Mama amelala hapo kwako.

Barua yako ya tarehe 8 nimepewa leo saa kumi jioni, baada ya yote. Afande anayesoma barua ndiye aliyeileta mwenyewe. Ilikuwa imekaa mezani kwake chini ya nyingine. Alisema ameisoma mara mbili, na kwamba anaomba radhi. Nadhani umemwambukiza.

Kwa hiyo asubuhi sikujua chochote. Nataka uelewe hivyo, usije ukadhani nilikudharau. Wewe umeona upande wenu, acha nikueleze upande wetu.

Walituweka kwenye chumba chenye kamera moja na kioo kidogo. Kwenye kioo unamwona hakimu tu, kuanzia kifuani. Watu wa kortini huwaoni. Unasikia kukohoa, unasikia viti, basi. Tumbo lilikuwa linanikata, nikawa nimeshika ukuta. Karani akasoma shtaka. Hakimu akauliza, kweli au si kweli?

Guga, nilisema ni kweli.

Nilisikia mtu huko kwenu akivuta pumzi. Nadhani alikuwa Mama. Nilidhani mambo yameisha, nikawa naondoka mbele ya kamera, afande akanirudisha. Akasema bado, lazima mwendesha mashtaka asome maelezo halafu niulizwe kama maelezo ni kweli. Hilo yule mzee wa humu ndani hakuniambia. Mwendesha mashtaka akaanza kusoma. Kwamba nilipatikana kwenye maficho ya vijana yanayojulikana kama base. Kwamba nilikuwa na simu na funguo za milango, mali ya watu wasiojulikana.

Ndipo nikasikia sauti yako. Hukupaza. “Mheshimiwa, naomba radhi kwa kukatiza. Hawajulikani namna gani, na wako hapa?”

Nilisikia karani akikwambia ukae. Nilisikia ukiomba radhi tena. Lakini sikusikia ukikaa. Halafu hakimu akageuza uso akatazama upande ambao siuoni, akatazama kwa muda mrefu, akauliza hao wote ni wa kesi gani, na mbona wameshika kufuli.

Mimi sikuelewa, Guga. Kufuli za nini? Nilimsikia mwendesha mashtaka akipinga, akisema leo si siku ya ushahidi. Hakimu akamwambia si ushahidi anataka, anataka tu kujua kama kukiri kwangu kuna maana. Akaagiza ule mfuko uletwe.

Halafu nikasikia mlio mmoja. Tak. Kama mtu ameingia kwake. Halafu mwingine. Ule wa Caleb niliujua, ile kufuli yake ina kutu, inalia kabla ya kufunguka. Afande aliyekuwa pembeni yangu akanisogelea akaninong'oneza, “Hiyo ni sauti ya nini?” Nikamwambia, “Ni kwetu.” Wenzangu waliokuwa wanangoja zamu zao waliacha kuongea. Milio ikaendelea. Nilikuwa nikiujua kila mlango kwa mpangilio wake, kuanzia upande wa bomba.

Hakimu akanirudia. Akaniuliza, “Kijana, maelezo uliyosomewa ni kweli au si kweli?” Afande aliniangalia, na mimi nilikuwa na yale maneno mawili tayari mdomoni, nimeyazoea wiki nzima. Nikasema si kweli. Hakimu hakunisikia vizuri, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaandika.

Ameifuta ile ya kwanza, imekuwa sijakiri. Kesi bado ipo, unajua, kwa sababu ya ufunguo mmoja uliobaki bila kufuli na simu ambazo hazina risiti. Tutaitwa tena Mei. Mlinisikia nikiulizwa kuhusu huo ufunguo uliobaki. Nilisema sijui ni wa nani. Nilijua. Lakini Waruguru akitaka kuja, aje kwa miguu yake, nisimlete mimi kwa mdomo wangu. Kama hilo ni kosa, utanieleza nikifika.

Dhamana wameibadilisha, nimeachiliwa kwa sahihi yako na ya Mama Mbithe. Karatasi zinafika hapa kesho asubuhi na nitatoka mchana. Karantini imeondolewa leo, kwa hiyo kasisi ameingia, na ndiye atakuletea barua hii alfajiri akielekea kanisani. Daktari amenipa dawa. Ninakunywa maji yaliyochemshwa.

Najua utataka kuja kunipokea langoni na lile koti. Usije, Guga. Njia naijua. Kesho ni siku ya kazi, na watu wameshakosa leo kwa ajili yangu. Caleb ataondoka jioni kabla mke wake hajafika, na watoto wa Mama Mbithe watatoka shule. Wewe kaa base. Nitakukuta hapo.

Mjukuu wako,
Willis